Buti za Fundi Sylvain

Walimvunja Sylvain kidole cha tatu kwa jiwe, na bado hakusema bomba limepita wapi.

Akilia, nani amsikie? Mashine ya kusaga mawe ya mgodi jirani ilinguruma usiku na mchana, hata watu wa misheni walizoea kusali kwa kupaza sauti. Polisi walikuwa Lubumbashi, na mvua ya wiki nzima ilikuwa imekata barabara.

Israël, mkubwa wa wachimbaji hao wanne, mtu asiye na haya hata kidogo, alitaka kitu kimoja: kulikata bomba linaloleta maji kutoka mlimani, ili maji yaende kuosha madini yake. Aliyejua lilipofukiwa ni Sylvain peke yake. Maisha yake yote ni mitaro: miaka kumi alifukia nyaya za umeme za mgodi, kisha akaja kufukia bomba la misheni.

Sista Hortense alikuwa amebanwa kwenye kibaraza cha simenti cha maternité, nyumba ya kujifungulia, panga shingoni. Ndani, wanawake watatu walikuwa na uchungu. Mwaka ule kabla ya bomba, alizika akina mama wanne kwa sababu ya maji machafu ya dimbwi.

“Usiseme, Sylvain,” alimwambia. “Hata bakiniua, usiseme.”

Wakavunja kidole cha nne.

“Inatosha,” Sylvain akasema. “Munirudishie bote yangu, nitaonyesha.”

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Buti zake za mpira zilikuwa zimeshavaliwa na Chomba, mmoja wao. Wengine wote walikuwa peku. Chomba akazivua, akamtupia. Sylvain akazivaa akilia.

Mwanaume mzima, kuuza akina mama kwa jozi ya buti! Sista akamwita Yuda mbele ya watu wote, na jina hilo alilisema kwa moyo wake wote.

Sylvain akashuka nao hatua chache hadi penye tope, karibu na ua wa mgodi, akakanyaga chini kwa kisigino. Ni hapa, akawaambia. Hata aliyemshika Sista akakimbilia kuchimba. Tope liliwafika kwenye vifundo vya miguu.

“Iko kitu ngumu,” Israël akasema.

“Ni yenyewe.” Sylvain alikuwa amesogea pembeni. “Piga na nguvu.”

Sista akateremsha mguu kutoka kibarazani ili akawazuie kwa mikono yake mwenyewe. Ndipo Sylvain alipogeuka.

“Ma sœur, bakia pa simenti!”

Sururu ikashuka. Mwali wa bluu ukaruka kutoka mtaroni, na wanaume wote wanne wakaanguka kwa pamoja. Mashine ya mgodi ikanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Sista afike misheni.

Katika kimya kile, nyuma yake, akasikia maji yakimwagika kwenye beseni la maternité.