Kano za Kanga

Ngiri alipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji cha wanyama, aliweka walinzi wawili juu ya mti, Kanga na Tumbili, waangalie Chui asije akawavamia. Akatoa na kanuni: "Mlinzi anayesinzia huanguka. Kwa hiyo nitakayemkuta chini, kazi hana."

Kanga alishangilia kuliko wote. Ndege akichuchumaa, kano za miguuni mwake, zile kamba nyeupe zinazounganisha msuli na mfupa, hukaza zenyewe na kuvifumba vidole kwenye tawi. Hata alale fofofo, haanguki. Basi Kanga akawa anachuchumaa asubuhi na kulala mpaka jioni, na kila Ngiri alipopita alimkuta juu.

Adhuhuri moja Tumbili alimwona Chui akinyemelea nyasini. Akapiga kelele, lakini mkutano ulikuwa umepamba moto, hakuna aliyesikia. Akaruka chini, akakimbilia mkutanoni.

"Mwenyekiti, Chui anakuja!"

"Na wewe huku chini unafanya nini?"

"Nimekuja kukuambia, mzee wangu!"

"Umesinzia, umeanguka. Mwenzako mbona yuko juu?"

Wajumbe wakageuka kumtazama Kanga, ametulia tuli, kichwa kifuani. Wakampigia makofi. Tumbili akafukuzwa palepale, na barua ya kumpongeza Kanga ikaanza kuandikwa. Chui aliwafikia kabla haijapigwa muhuri, akaanza na Ngiri.

Baada ya arobaini, wajumbe waliosalia walimchagua Kanga kuwa mwenyekiti. Walisema kijiji kinahitaji kiongozi asiyetikisika. Alipoombwa ahutubie, alikuwa ameshachuchumaa.