Kipaku na Ndege Aliyemtoa Kidonge

Si miaka mingi iliyopita, maksai wote wa zizi moja walipachikwa kidonge cha kunenepesha chini ya ngozi ya sikio. Wote walitanuka mabega, isipokuwa Kipaku, aliyeitwa hivyo kwa baka jeupe la paji lake.

"Ndugu yangu, wewe ni maksai au mbuzi?" alimtania Jabali, aliyewapita wote kwa unene. "Juma lijalo tunapimwa uzito. Utatuaibisha."

Kipaku aliona haya. Akamuuliza Mlakupe, ndege aliyekuwa akimtoa kupe kila asubuhi, kama anaijua sababu.

"Labda ni kile nilichokitoa sikioni mwako," alisema Mlakupe. "Nilidhani ni kupe. Kilikuwa kichungu, nikakitema."

"Umeniharibia maisha! Usitue tena mgongoni mwangu."

Siku ya mizani ikafika. Kila aliyetimiza uzito alipandishwa lori, Jabali mbele, akitamba. Zamu ya Kipaku ilipofika, mwenye zizi alitikisa kichwa.

"Huyu hata mchinjaji atamkataa. Akavute mkokoteni wa maji."

Hapo ndipo Kipaku alipojua lori linakwenda wapi. Alisimama mpaka vumbi la lori likatulia, kisha akamwita Mlakupe, aliyekuwa ametua juu ya uzio.

"Si ulinifukuza, Bwana Kipaku?"

"Nilikufukuza, unisamehe. Ahsante sana, rafiki yangu. Njoo ukae. Na ukikuta tena sikioni mwangu kitu usichokijua, usiniulize. Kitoe tu."