Ukurasa wa Njano

Dada alikifunga kitabu changu cha anatomia kabla sijamaliza kupaka rangi aya ya mwisho.

"Ukurasa mzima njano! Sasa kipi si muhimu hapo, daktari?"

"Nirudishie, dada. Kesho nikifeli tena, chuo basi."

Akakikalia, kisha akaninyooshea mkono. "Nitajie mifupa ya kifundo hiki."

Nilikuwa nimeisoma wiki nzima. Nilibonyeza chini ya kidole gumba chake, nikataja mfupa wa kwanza, wa pili, nikakwama.

"Nichungulie kidogo tu."

"Mgonjwa naye atakusubiri uchungulie?"

Nikafumba macho, nikabonyeza upya, polepole. Wa tatu ukaja.

Dada akainuka, akanirudishia kitabu.

"Hapana," nikasema, bila kuuachia mkono wake. "Kikalie."