Jina Lililotunzwa Mno

Kwa jina la Mola aliyemfunza Adamu majina yote. Neno lisilotamkwa nyumbani kwa siku arobaini hufutwa vifuani mwa wenye nyumba, ndiyo sheria. Basi Shekuwe na mkewe Mwanakheri hula kwa mbwembwe za maneno, yasije yakafutwa.

"Ewe mwandani, nipe chumvi nisije nikahiliki!"

"Labeka, simba wa mchuzi! Twaa, usinizimikie hapa!"

Wakacheka. Kisha Mwanakheri akauliza, "Na lile jina uliloniita siku ya harusi, mbona hulisemi?"

Shekuwe akalitafuta kifuani, asilipate. Tangu harusi aliliona tukufu mno kwa mambo ya chumvi, akaliweka hata siku arobaini zikapita.

"Nikumbushe, mke wangu."

"Nami silikumbuki."

Ee Mola, wabariki wawili hawa, na maneno waliyosaliwa nayo.