Kikombe Kisicho na Kitako

Haya mjukuu wangu, nitegulie: hana kitako, ukishampokea humweki chini mpaka ummalize. Nani huyo?

Ni kikombe cha mgeni katika kiwanda cha ramu, ile pombe kali ya miwa, kisiwa fulani cha mbali. Wamekichonga kwa kifuu, mviringo kabisa, makusudi kisisimame. Ukikiweka kina kitu kinamwagika, na kumwaga ramu ya mwenyeji ni kumtukana.

Anselmi alipelekwa huko likizo na mkewe, Eudosia. Pombe alikuwa ameiacha, mwaka wa nne sasa. Eudosia ndiye aliyekipokea kikombe, akakitia mkononi mwa mumewe.

"Eudosia, kwa nini umenileta huku?"



"Kunywa bwana, hiyo ni baraka!" akasema mwenyeji.

"Mwacheni, anakitongoza kwanza!" mgeni mmoja akadakia, wote wakaangua kicheko.

Anselmi akakigeuzageuza kikombe mkononi. Ramu kidogo ikamchuruzikia kidoleni. Akaitazama, kisha akailamba.

Eudosia akatoa leso, akamfuta mdomo polepole, kama zamani.

"Ulipokuwa mlevi," akamwambia, "hukuijua njia ya nyumbani bila mimi."