Kabla ya Mkono Kuingia

"Una kitu chochote chenye ncha humo mfukoni, mama?" polisi aliuliza. "Sitaki kuchomwa, ohoo!"

Mwenye kituo cha mafuta ndiye aliyewapigia polisi simu. Verna alisimama ameelekea ukuta, mikono juu, jua la Carolina likimchoma kisogo. Koti alilovaa lilikuwa la marehemu kaka yake. Mfukoni mlikuwa na sindano ya kujidungia unga iliyokwisha tumika, aliyokuwa akiipeleka kliniki abadilishiwe mpya.

Kaka yake naye aliulizwa vivyo hivyo, katika mji huuhuu. Akasema kweli. Wakamfunga kwa sindano moja tu, na alipotolewa selo alikuwa amefunikwa shuka gubigubi.

"Sheria imebadilika, shoga," dada wa kliniki alikuwa amemwambia. "Ukisema kabla hawajakupekua, hawakushtaki. We sema tu."

Lakini koti lilikuwa bado linanuka sigara za kaka yake, na sauti yake ikamjia sikioni waziwazi: Nyamaza, Verna. Mimi nilisema.

Mkono wa polisi haukuwa na glavu. Ulikuwa mkono wa kijana, kucha zimetafunwa, pete ya ndoa ingali mpya. Vidole vikagusa mdomo wa mfuko.

"Kuna sindano!" Verna alipiga ukelele. "Haina kifuniko!"

Mkono ukaganda. Kisha ukarudi nyuma taratibu, ukashuka kiunoni, kwenye mkanda, pale glavu na pingu zinapokaa pamoja.

Verna akafumba macho, akatega sikio asikie kama kuna chuma kitakacholia.