Mzinga au Mtaro

Ami Larusi aliingia ukumbi wa manispaa amevaa koti lake la sherehe, vifungo vyote vimesuguliwa vinang'aa, na mgongoni umemganda unyoya mweupe. Hakuna aliyemwambia. Siku hiyo kila mtu alikuwa na lake.

Zilikuwa zimebaki siku nne Ramadhani iingie, na barua ya wizara ilikuwa mezani: punguzeni matumizi. Mpaka saa tano madiwani walikuwa wameshakata maua ya mzunguko wa barabara, maktaba (iliyokuwa ikifunguliwa Alhamisi tu, tena mkutubi akiamka vizuri), na taa moja ya mtaani katika kila mbili. Kiyoyozi cha ukumbini hakikukatwa. Walisema hilo lizungumzwe wakati wa baridi.

Vikabaki viwili, na mji ungemudu kimoja. Cha kwanza ni mtaro wa Mtaa wa Chini, uliopasuka tangu mvua za vuli, unatapika majitaka mpaka jikoni kwa watu. Cha pili ni mzinga wa futari, ule wa juu ngomeni, unaopigwa jua likizama kuuambia mji kwamba haya, kuleni. Mpigaji ni Ami Larusi. Mzinga ukikatwa, mshahara wake umekwenda, na kile chumba cha ngomeni anamokaa na mkewe kinarudi kwa manispaa mwisho wa mwezi. Mtu wa miaka sabini na moja, ahamie wapi?

Wa kwanza kusimama alikuwa Khalti Henia, mama mtu mzima wa Mtaa wa Chini. Alikuja na kandambili zake za jikoni ndani ya mfuko wa nailoni, akazitoa na kuziweka mezani mbele ya meya ili wakubwa wanuse wenyewe. Meya, Bwana Naufal, akarudisha kiti nyuma, akasema kwa upole kwamba harufu imeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

"Mwanangu Naufal," Khalti akasema, "mimi nyumba yangu na ngome ni ukuta kwa ukuta. Huo mzinga mnaoulilia mimi siusikii. Ninachosikia ni maji."

Ukumbi ukacheka. Diwani Hamadi, mwenye duka la dawa, akamwambia kuna dawa nzuri ya masikio dukani kwake, na kwa kuwa ni mtu mzima atampunguzia.

"Masikio yangu mazima, Hamadi. Ramadhani iliyopita nilikusikia ukitafuna nyuma ya pazia la duka lako, adhuhuri."

Hamadi akasema alikuwa anaonja dawa ya mteja. Lakini rangi ilikuwa imeshamtoka, na mtu akishatokwa na rangi hutafuta kiapo. Akaapa mbele ya wote kwamba yeye hajawahi kutia hata tende moja mdomoni kabla ya kuusikia mzinga, na kwamba ukilia chupa zote dukani hugongana.

Basi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Maana asiyeusikia mzinga, wenzake watajiuliza kama alikuwa ameshaanza kula hata asihitaji kuungoja. Hakuna aliyetaka kuulizwa. Mmoja akasema kwake hutikisika madirisha. Mwingine akasema mjukuu wake huamka analia, kila magharibi, siku zote thelathini. Wananchi wa viti vya nyuma nao wakadakia, kila mmoja mzinga wake unalia kwa nguvu kuliko wa jirani.

Meya hakukubali kuachwa nyuma. Akaeleza kwamba mwaka jana, tarehe ishirini na saba ya Ramadhani, mzinga ulilia kwa kishindo akiwa ndiyo kwanza anainua briki, ile sambusa ya yai, na kiini cha yai kikamwagikia juba lake jeupe. Doa lipo mpaka leo, anayetaka aje alione.

"Na yai lenyewe," akaongeza, "lilikuwa la Ami Larusi huyu huyu, ambaye hajawahi kutusahau Ramadhani hata moja."

Ami Larusi akainamisha kichwa. Watu wakaona ni unyenyekevu.

Wakamwomba aseme neno. Akasimama, akakohoa, akasema yeye hana maneno, kazi yake ni hivyo hivyo wanavyoisikia wenyewe. Wakapiga makofi mpaka kandambili zikadondoka mezani.

Mikono ikainuliwa, yote, kwa ajili ya mzinga. Mtaro ukasogezwa mwakani. Khalti Henia akashauriwa ainue kizingiti cha mlango wake kwa tofali mbili, tena tofali ajitafutie. Ami Larusi akapewa cheti cha utumishi mwema.

Mlangoni Khalti alimkuta Ami, akamgeuza kama mtoto anayekaguliwa shule, akaubandua ule unyoya mgongoni. Akautazama unyoya, akamtazama mwenyewe.

"Mji mzima una masikio," akasema. "Kasoro mimi."

"Nitakuletea mayai, dada yangu."

"Lete sita."

Ami Larusi akapanda ngomeni polepole, cheti kwapani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, vyombo nusu vimeshafungwa kwenye shuka. Akamwambia avifungue, hawahami. Mkewe akakaa chini pale pale kizingitini, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akauliza watampa nini meya mwaka huu.

Ami akavua koti, akalikung'uta vizuri safari hii. Akafunua turubai la mzinga, akaingiza mkono katika mdomo wa mzinga huo, mpana kama chungu cha kuskusi, akapapasa kwenye majani makavu, akatoa mayai, moja moja, mpaka yakatimia sita. Kuku akamdonoa kidogo, kama mama wa kuku huyo alivyokuwa akimdonoa, na bibi yake kabla ya hapo, mle mle ndani.